Funika Chupa, Acha Feni

Kila siku saa nne asubuhi, Felicitas aliweka chini brashi ya vanishi, akanawa mikono kwa sabuni, akaingia stoo kujikamua maziwa ya mwanawe kwenye chupa. Lusungu alikuwa na miezi minne. Alibaki nyumbani na bibi yake, mama mkwe wa Felicitas, maana hewa ya karakana ya makochi pale Chang'ombe haimfai mtoto mchanga.

Nyumbani walikuwa na friji ndogo. Karakanani hakukuwa na friji, na joto lilikuwa la kuokea mkate. Hadi jioni maziwa yalishachacha. Yale aliyoacha alfajiri yalikuwa hayatoshi, na mtoto alishinda akilia.

"Nimenunua unga wa uji," bibi alisema.

"Mama, nesi kasema miezi sita ni maziwa matupu. Uji bado."

Kuacha kazi hakuweza. Kushindwa hakutaka. Akamwendea jirani yake wa kazini, Hudhaifa, fundi redio.

"Kaka, nataka boksi la kupozea... juisi." Aliona haya kutaja maziwa.

"Umeme wa hapa wa kubahatisha. Tutumie jua."

Hudhaifa alitafuta boksi jeupe la samaki, jipya, akatoboa kifuniko. Kwenye tundu akabana kibamba cha mraba, kidogo kuliko kiberiti.

"Hiki kikipata umeme wa sola, upande mmoja unapoa, wa pili unachemka," alieleza. "Baridi ibaki ndani. Joto litoke juu, kwa hiki chuma chenye mapezi na feni ya kompyuta."

Akaziba nyufa zote. Paneli ikakaa juu ya bati, waya ukapitia kwenye betri. Kipimajoto kikashuka hadi nyuzi kumi na nne. Nesi alitaka kumi na tano au chini yake. Felicitas akapiga kigelegele peke yake.

Kesho yake maziwa yakachacha tena.

"Dude lako bovu!" alimjia juu fundi.

Hudhaifa akaenda kuangalia. Boksi lilikuwa limeviringishwa khanga mbili, feni na yote.

"Nani kalivisha nguo?"

Felicitas aliinama. Mama mkwe alikuwa amemuusia kwamba maziwa ya mtoto hayaachwi wazi, watu wana macho. Tena boksi la barafu si hufunikwa?

"Si juisi, kaka. Ni maziwa ya mwanangu."

Hudhaifa hakucheka. "Ungeniambia, sista. Mie nina wanne. La barafu, funika. Hili linapumua. Ukiziba feni, joto linarudi ndani. Funika chupa, acha feni."

Felicitas akaifunga chupa kitambaa safi. Boksi akaliweka kivulini, feni wazi. Kila saa alichungulia kipimajoto, hata tajiri wake akauliza kama anangoja matokeo ya mtihani. Jioni alibeba boksi na betri yake hadi nyumbani.

Bibi alinusa maziwa. Akanusa tena. Akayaingiza kwenye friji.

Kesho yake aliyapasha kwenye bakuli la maji moto, akamnywesha Lusungu kwa kikombe kidogo. Mtoto akamaliza, akalala hadi mchana.

Felicitas aliporudi, alikuta sufuria jikoni. Bibi alikuwa ameukoroga ule uji, anaunywa mwenyewe.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Unga usiharibike bure."