Hewa Ndani ya Mtufaha

Fundi bomba aliamka akakuta maji ya ndoo yameganda. Baridi iliuma mtaa mzima siku tatu. Jua lilipotoka barafu ikayeyuka, na simu yake haikupumzika: huku bomba limepasuka, kule maji hayatoki. Alizunguka na mkoba wake wa spana huku akipiga mluzi.

Nyumbani hakukuwa na la kupigia mluzi. Mtufaha wa uani, ambao mkewe aliupanda wiki aliyozaliwa binti yao, ulikuwa umenyauka. Fundi akaumwagilia ndoo mbili. Kesho yake akamwaga nne, keshokutwa akavuta mpira kabisa. Udongo ukawa tope la kunasa viatu, na majani yakazidi kulegea.

"Umekufa," akamwambia mkewe. "Nitaukata."

Mkewe aliingia jikoni, sufuria zikaanza kugongana. Fundi alijua maana yake, na roho ilimuuma. Hata hivyo alikwenda kuazima msumeno kwa jirani yao, aliyefanya kazi kwenye kitalu na kuitwa Mama Miche.

Mama Miche alikuja na msumeno, lakini hakumpa. Alikwaruza gamba la tawi kwa ukucha. Chini yake palikuwa na kijani kibichi.

"Shemeji, unataka kuzika mtu angali hai," akasema. "Hebu niambie. Bomba halijapasuka, maji yapo, lakini hayapandi. Kuna nini?"

"Hewa imeziba njia," fundi akajibu papo hapo.

"Basi ndiyo hiyo."

Akamweleza kwamba ndani ya mti kuna njia nyembamba sana, na majani huvuta maji kupitia humo kutoka mizizini. Maji yakiganda, hewa iliyomo hujitenga ikawa mapovu. Barafu ikiyeyuka, mapovu mengine hubaki. Majani yanapovuta maji, mapovu hutanuka na kuziba njia. Ndiyo maana majani yana kiu na mizizi imelowa.

Fundi akatazama tope lake kwa aibu. Miaka ishirini alikuwa akitoa hewa kwenye mabomba ya watu.

"Sasa nifungue wapi?"

"Hufungui popote. Njia zilizosalia zinafanya kazi, na mti utaota nyingine. Acha mpira, mizizi ipumue. Udongo ukikauka juu, mwagia maji kidogo. Tandaza majani makavu chini, yasiguse shina. Mbolea ngoja kwanza. Msumeno ni wa matawi yatakayokauka kweli, baadaye."

Jikoni, sufuria zilinyamaza.

Kila asubuhi fundi alikwaruza tawi kutazama kijani, hadi mkewe akamwambia atauchuna mti mzima. Wiki ya sita majani mapya yalitoka. Matawi mawili yalikauka, wakayakata. Maua machache yaliyochelewa yakazaa matufaha saba.

La kwanza mkewe alilikata vipande vinne. Binti akapata chake, Mama Miche chake, naye mwenyewe chake. Kilichobaki, kidogo kuliko vyote, akampa mumewe.

"Hiki cha aliyetaka msumeno," akasema.

Fundi alikila chote, pamoja na mbegu, wala hakulalamika.