Kikohozi Ndani ya Kanda

Kanda ile haikuwa na kikohozi. Mwololo alikuwa ameitazama mara tatu kabla ya kuwaonyesha watu, na bado Jumapili hiyo, saa tisa mchana, katika kibanda chake cha sinema cha mabati pale Kitengela, kuna mtu alikuwa anakohoa ndani ya televisheni.

"Umesikia, mama Nthambi?" alimnong'oneza mkewe, Zipporah, aliyekaa mlangoni.

"Nimesikia. Na hapa kunanuka moshi, kama kibuyu cha maziwa cha Wamaasai. Zima hiyo kitu."

"Nizime niwaambie nini? Nimepakia saruji kutoka Rombo mpaka Voi. Kazi pekee isiyoniumiza mgongo ni ya mdomo."

Kweli, alikula kwa mdomo. Mwaka huo wa 1999, kila Jumapili alionyesha kipindi cha wapelelezi wawili wa ng'ambo, wanaofuatilia mizimu na vyombo vya angani. Yeye alishika maikrofoni na kutafsiri, akibuni pale asipoelewa, yaani karibu kila mahali. Mpelelezi mwanamume alimbatiza Nzioka, yule wa kike Syokau. Watu walikuja kumsikia yeye zaidi ya kutazama.

Leo wapelelezi walikuwa mochari. Juu ya meza ya chuma ililala maiti isiyo na jina, na Mwololo hakuweza kumwacha mtu bila jina.

"Na huyu mnamjua!" alinguruma. "Huyu ni Parsaoti, amelala tena!"

Kicheko kilikatikia njiani. Kasaine, aliyekuwa benchi la mbele, akasimama taratibu.

"Mkamba, umefanya nini? Sisi mtu akienda, jina lake hatutaji. Ukitaja, umemwita."

"Pole, mzee wangu, ni mdomo tu..."

"Huyo ni ndugu yangu. Alifia kwa hii benchi."

Akatoka, na Wamaasai wenzake wakamfuata.

Kila mtu alijua kwamba Parsaoti alikabwa na pumu humo ndani miezi miwili iliyopita. Alichojua Mwololo peke yake ni kwamba aliuona mkono wa yule mtu ukinyooshwa kwake, kinywa wazi, na kwa kuwa kipindi kilikuwa kimefika patamu, akatangaza: "Mwacheni, amelala! Sinema imemshinda!" Watu wakacheka mpaka mwisho wa kanda, kisha wakaenda kumwamsha.

Sasa, kwenye kioo, maiti ikageuza kichwa.

Ikakohoa. Zipporah alitoka mbio akaizima jenereta huko nyuma, feni ikasimama, balbu ikafa, lakini kioo kikazidi kuwaka, na ile harufu ya moshi ikatanda kibandani hadi macho yakatoa machozi, na Nzioka na Syokau wakarudi nyuma mpaka ukutani kama watu wasioambiwa sehemu hii, huku maiti ikiinuka na kuketi juu ya meza, ikiwa na macho ya Parsaoti, ikimtazama Mwololo kama mtu anayemtazama jirani aliyekopa kitu akanyamaza. Ikafungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Mwololo mwenyewe, ile iliyokaa kooni mwake miaka arobaini na mitatu.

"Na huyu mnamjua," ikasema. "Huyu ni Mwololo."

Mwololo alitaka kujibu, akakuta hana tena sauti ya kujibia. Koo lilijifunga kama gunia lililokazwa kamba. Akaporomoka kwenye benchi lililoachwa na Kasaine, kinywa wazi, akawanyooshea watu mkono. Watu wakauangalia ule mkono, wakiwa na tabasamu tayari, wakidhani yote ni kituko chake, wakingoja mzaha. Huyu hakuwahi kuwaangusha.

"Mwacheni, amelala!" spika ikatangaza. "Sinema imemshinda!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Huko nyuma, Zipporah alikuwa bado ameweka kiganja juu ya jenereta iliyonyamaza. Alisikia sauti ya mumewe ikichangamka kuliko siku zote, na chini ya kicheko cha watu, kikohozi kidogo kilichokuwa kinaisha. Hicho ndicho kilikuwa cha mumewe.