Sauti Isiyotaka Kushuka

Guizhi alitumwa siki tu. Tambi za jioni zilikuwa zimeiva, na waigizaji wa Mzee Fan hawali tambi bila siki hata mbingu ianguke. Akachukua chupa, akatundika upatu wake begani, akashika njia ya kwenda nyumba za kwanza za kijiji cha Shiyan. Jua lilikuwa limezama, umebaki wekundu tu juu ya milima.

Upatu ule hakuuacha popote. Baba yake aliufua kwa mikono yake miwili, akafa bila mtoto wa kiume wa kumwachia nyundo. Guizhi akarithi upatu. Nyundo alikuwa amekatazwa tangu utotoni, eti pigo la mwanamke huipotosha shaba. Hata wanakijiji walinung'unika waliposikia kwamba mwaka huu upatu mkubwa kwenye mchezo wa wafu utapigwa na mwanamke. "Basi njooni mpige ninyi," aliwajibu, na hakuna aliyekuja.

Njia ilipita katikati ya uwanja wa jukwaa. Benchi la mbele lilikuwa limekwisha kuwekwa. Benchi la wafu. Mwezi wa saba wafu hutoka kuja kuangalia mchezo, na mtu aliye hai hathubutu kukaa pale.

Palikuwa na mtu amekaa.

Bibi kizee, koti la buluu, viatu vidogo vya kitambaa vimelowa chapachapa. Wala mvua haikuwa imenyesha.

"Bibi, hapo hapakaliwi," Guizhi akasema.

"Najua, mwanangu. Mwaka huu anapiga nani?"

"Mimi."

"Na Pang wa mwaka jana je?"

"Mzee Pang alitutoka kabla ngano haijaiva."

"Najua." Bibi alitabasamu bila meno. "Alinikatia sauti. Wingu la mvua lilikuwa linakuja, naye anawahi maandazi ya nyama. Akauziba upatu kwa kiganja... na mimi niko nusu ya njia."

Kila mpiga upatu anajua kwamba sauti haikai mahali pamoja inapofifia. Ya upatu mdogo hupanda. Ya upatu mkubwa hushuka, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Ndiyo maana mchezo wa wafu hufungwa kwa pigo moja la upatu mkubwa, nao huachwa unyamaze wenyewe, ili wafu waifuate ile sauti mpaka kule inakokwenda. Kuuziba kwa kiganja pigo lile ni kumfungia mtu mlango usoni.

Bibi akanyoosha mkono, akaupapasa uso wa upatu begani mwa Guizhi. Polepole. Ikanuka harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

"Na anayeimba?"

"Mdogo wangu, Yuelan."

"Ana sauti ya binti yangu. Safari hii sishuki peke yangu."

Mtu mwingine angekimbia. Guizhi alimwonyesha kidole. "Utashuka peke yako, bibi. Yule ana wenyewe!"

Alipopepesa macho, benchi lilikuwa tupu. Limelowa.

Alimkuta Mzee Fan nyuma ya jukwaa akikaza ngozi ya ngoma. Ndiye mwenye kundi, na fimbo zake ndizo zinazowaongoza wapigaji wote. Guizhi akamweleza yote, hakuficha neno. Mzee aliinama, akakaza ngozi ambayo ilikuwa imekwisha kukazika.

"Benchi lile halikuwekwa leo," akanong'ona. "Lipo hapo tangu mwaka jana. Vijana wanne walijaribu kuliinua, wakashindwa."

"Na wewe ulijua! Basi tusicheze."

"Tusipocheza, nani atamwondoa? Sikiliza, mwanangu. Ukianza, mchezo haukatwi. Ukikatwa, aliyekaa hukaa milele, na aliyesimama hubaki amesimama."

"Akimgusa mdogo wangu?"

Mzee Fan alimpokonya chupa ya siki, ambayo ilikuwa tupu, akaitazama kana kwamba jibu limo humo.

Karabai zikawashwa. Watu wakajaa, wameacha nafasi pana nyuma ya benchi la mbele. Yuelan akatoka kwa vazi jeupe, mikono mirefu ya hariri ya vazi hilo ikiburuzika sakafuni. Watoto wakashangilia. Mzee Fan akainua fimbo, akamtazama Guizhi.

Guizhi akapiga.

Ngoooo...

Sauti ilitulia kidogo. Kisha, badala ya kushuka, ikapanda.

Ikapanda!

Mpiga upatu mdogo aligeuka kutazama chombo chake, akidhani amekosea yeye. Mzee Fan alikunja uso. Na pale benchini, kadiri sauti ilivyopanda, bibi wa koti la buluu aliinuka nayo. Magoti. Kiuno. Mabega. Sauti ilipokwisha, alikuwa wima. Mbwa wote wa Shiyan walianza kulia kwa pamoja.

"Mnamwona?" Guizhi akanong'ona.

"Nani?" Mzee Fan akasema. "Piga!"

Pigo la pili. Ikapanda. Bibi yuko hapo chini, mbele ya jukwaa.

Pigo la tatu. Bibi yuko juu ya jukwaa.

Na Yuelan... Wimbo wake ulifika mahali pa kuteremka, haukuteremka. Sauti ilivutwa juu, ikawa nyembamba, ikapita pale ambapo koo la binadamu hufika. Watu walipiga makofi, wakidhani ni ufundi. Guizhi ndiye aliyeona damu ikimtoka mdogo wake puani, na macho yake yakimtafuta dada.

Mzee Fan akainua fimbo tena.

"Sipigi," Guizhi akasema.

"Guizhi!"

"Nikipiga anamfikia."

"Usipopiga atabaki hapo hapo, kando yake, maisha yake yote! Piga, nakwambia!"

Bibi alikuwa ameshika ncha ya vazi jeupe. Analivuta kidogokidogo, kwa upole, kama mama anayemwamsha mtoto.

Ndipo hasira ikampanda Guizhi. Siyo hofu, hasira. Amwachie mdogo wake kwa sababu ya kiganja cha mlafi mmoja? Akaikumbuka shaba. Maisha yake yote alimtazama baba akigonga uso wa upatu, hapa kidogo, pale kidogo, mpaka sauti ikubali njia yake. Bonyeza katikati, sauti hugeuka. Hakuwa amegonga hata mara moja. Lakini macho yake yalikuwa yamegonga mara elfu.

Chini ya ubao wa jukwaa kulikuwa na nyundo ya misumari. Akainyakua. Akaulaza upatu juu ya paja lake, kifudifudi.

"Baba, unisamehe. Na usiponisamehe, shauri yako."

Akagonga. Mara moja tu. Paja likafa ganzi. Upatu haukupasuka.

Akautundika, akashika kirungu kwa mikono miwili, akapiga kwa nguvu zake zote.

Sauti ilitoka mbaya, yenye mikwaruzo, sauti ya mzee mwenye kikohozi. Lakini ilishuka. Ilishuka!

"Shuka!" Guizhi akapaza sauti mbele ya kijiji kizima. "Shuka, bibi! Njia yako hiyo!"

Watu waliziba midomo. Wafu hawafokewi. Bibi alianza kuzama kwenye mbao, magoti, kiuno, lakini mkono wake haukuachia hariri, na Yuelan akayumba. Hapo Mzee Fan, kwa mazoea ya miaka arobaini ya kuzima sauti kila inapokaribia kwisha, alinyoosha kiganja kuuziba upatu.

Guizhi alimchapa kirungu mkononi.

"Kiweke mfukoni hicho kiganja!"

Sauti ikaendelea kwenda chini. Chini. Ikawa haisikiki tena kwa masikio, ila kwa meno na kwa nyayo. Karabai zilitetemeka. Hariri ikachanika, prrr... na Yuelan akaanguka mikononi mwa dada yake, akilia kwa sauti yake mwenyewe.

Asubuhi mwanamke mmoja aliliinua lile benchi peke yake, akaenda kuanikia mboga.

Guizhi aliupeleka upatu kwa mhunzi wa mjini. Yule mhunzi aliugeuza juani, akalionyesha pigo la nyundo, akacheka. "Hili limepigwa na mtu asiyejua kazi." Kisha akaacha kucheka. Kwenye uso wa upatu palikuwa na mabonyeo matano, membamba kama vidole, yameinama upande mmoja. "Hapa hapakugongwa. Pamekandwa. Nani anayekanda shaba baridi kama unga?" Alitaka auyeyushe, afue mwingine bure. Guizhi alimnyang'anya, akaondoka nao.

Yuelan alipona. Anakula, anacheka, amerudi jukwaani, na watu husema sauti yake sasa ni tamu kuliko zamani. Dada yake peke yake ndiye anayesikiliza mwisho wa maneno. Binadamu akisema, sauti yake hutua. Jioni moja, mlango ukiwa umefungwa kwa baridi, Yuelan alisema, "Dada, chai imepoa," na ile sauti haikutua. Ilipanda. Nyembamba... na iliendelea kupanda baada ya Yuelan kufumba mdomo.

Guizhi aliweka kikombe chini. Akautwaa upatu, akapiga pigo moja, akauacha unyamaze wenyewe. Sauti mbili zikashuka pamoja mpaka zikaisha.

Tangu hapo kila jioni hufanya hivyo. Majirani wamelalamika, Mzee Fan amembembeleza, Yuelan mwenyewe haelewi kwa nini. Guizhi haruki jioni hata moja. Bega lake limeanza kuuma, na nywele zake zina mvi. Pigo likishazama, hukaa akisikiliza ukimya uliobaki chumbani, kirungu kikiwa bado mkononi.

"Utachoka wewe kwanza," huuambia ukimya huo.