Injini Ndogo ya Halvor

Haya yalimkuta rafiki yangu Verlin, huko Nebraska. Miaka thelathini alimwonea kijicho jirani yake Halvor, maana tingatinga lake kuukuu lilikuwa likiwaka papo hapo, na la Verlin, lililokufa injini ndogo ya kuwashia ile kubwa, halikuwaka kabisa. Halvor alipofariki, Verlin akamwendea mjane kununua injini ndogo ya marehemu.

“Mwenyewe aliapa huipati ng'o, shemeji,” mjane akacheka. “Lakini ndiyo hivyo, hayupo. Chukua.”

Bandani, Verlin akaifungua kwenye tingatinga la Halvor, akaipakia garini, akalifunika bomba la moshi la tingatinga hilo kwa kopo la kahawa, ndege wasiingie. Alipofika langoni, akasikia kule bandani injini ndogo ikilia, kisha kubwa ikinguruma. Akarudi mbio. Giza, kimya. Kopo lilikuwa sakafuni. Akaligusa bomba, likamuunguza vidole.