Kuku wa Milango Kumi na Miwili

Jioni ile Verdiana aliruka kurasa nne za kitabu cha bintiye, kama alivyozoea, na sauti nyingine ikazisoma.

Alikuwa muuguzi, kaletwa kutoka Bukoba hadi kijiji kipya cha ujamaa upande wa Gehandu, mwaka wa sabini na tano. Asubuhi zahanati, mchana shamba la pamoja, jioni darasa la watu wazima. Akirudi, miguu imevimba, bintiye Severina yuko kitandani na kitabu kile kile cha picha kilichotoka misheni. Kuku mweupe ananyeshewa, anabisha milango kumi na miwili. Kila ukurasa: "Hodi! Mna nafasi?" Kila ukurasa: "Hatuna nafasi. Nenda mbele." Mlango wa mwisho vivyo hivyo, basi, kimekwisha. Verdiana alikichoka kitabu hicho hadi mifupani, lakini mtoto hakutaka kingine.

"Mama, nani amesoma?" Severina alinong'ona.

"Nyamaza. Ni upepo."

Kesho yake sauti ilisogea hadi nyuma ya mlango, sauti ya mwanamke mzee, na pakaja harufu ya ngozi ya ng'ombe iliyoloa. Siku ya tatu Verdiana hakuruka hata neno, akidhani ndiyo dawa, lakini kila alipofika kwenye "hodi" mlango uligongwa kweli, na kila aliposema "hatuna nafasi" kitu kilijikokota kuizunguka nyumba, kikipapasa ukuta kwa viganja, kikarudi mlangoni, mara kumi na mbili, huku mtoto amemng'ang'ania shingoni na yeye akiendelea kusoma kwa sababu aliogopa kunyamaza kuliko alivyoogopa kusoma.

Kulipokucha alimwendea mganga, mzee Gidamis.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Unamsomea nini yule bibi?"

Verdiana akakaa chini bila kukaribishwa. Alikuwa hajaeleza shida yake bado.

"Tulipohamishiwa hapa," mzee alisema kwa sauti ya chini, "bibi mmoja, kajifunika ngozi ya ng'ombe, alichelewa kufika. Nyumba zilikuwa zimejaa. Alibisha kila mlango, mvua inamnyeshea. Hata mimi nilimwambia aende mbele. Asubuhi tulimkuta amelala, mwili umeshapoa, pale ilipojengwa nyumba yako."

"Mfukuze, mzee. Nimechoka."

"Nitamfukuzaje mtu ambaye hajaingia? Mfungulie kwanza. Akishaingia, niite nije nimtoe."

Jioni hiyo, kwenye "hodi" ya kwanza, mlango ulipogongwa, Verdiana aliweka kitabu chini, akaondoa komeo.

"Nafasi ipo, bibi. Ingia."

Hakuonekana mtu. Ilipita harufu ile tu, na baridi ya mvua, ilhali nje kulikuwa kukavu.

Alisubiri. Akaenda kufunika moto jikoni, na aliporudi Severina alikuwa kwenye usingizi mzito, amejisogeza hadi ukutani. Upande wa pili godoro la majani lilikuwa limebonyea, likipanda na kushuka taratibu, kama anavyopumua mtu aliyetembea sana.

Verdiana alisimama pale, taa mkononi. Kwa mzee Gidamis hakukuwa mbali. Angepaza sauti tu, angesikika.

Akavuta blanketi, akawafunika wote wawili.