Mawifi Wawili Kwenye Fungu la Mchanga

Upepo uligeuka bila kubisha hodi. Tangu asubuhi ulikuwa ukivuma sambamba na ufuo, upepo mzuri wa kufundishia. Saa saba mchana ukaanza kutoka nchi kavu kwenda baharini. Mwalimu aliuhisi shavuni, akajua. Lakini alikwisha kufundisha watu sita, miguu ilikuwa kama ya kuazima, na wa saba alikuwa wifi yake. Akajiambia: dakika kumi tu, kisha nifunge banda.

Wifi huyo alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka minane ndiye aliyeshona tiara za Mwalimu zilipopasuka, zile tiara kubwa za kujazwa hewa zinazomvuta mtu akiwa amesimama juu ya ubao majini. Aliijua mishono yote, ila hakuwahi kurusha hata moja. Siku hiyo alikuja mwenyewe akasema, "Wifi, leo na mimi." Wakaingia mahali maji yanapofika kiunoni, Fundi amefungwa mkanda, Mwalimu kamshika kwa nyuma. Ufukweni hapakuwa na mtu wa kuwatazama.

Upepo ukapiga ghafla. Tiara ikaruka, ikamburuta Fundi uso majini.

"Achia! Vuta kifungo chekundu!"

Mwenye hofu haachii, hushika. Fundi alikaza vidole kwenye fimbo ya kuongozea kama aliyeshika kizingiti cha mlango wa kwao. Mwalimu alimrukia mgongoni, akapapasa mkanda, akakipata kifungo, akavuta. Tiara ikalegea, ikaanguka juu ya maji. Lakini kamba moja ilikwisha kumzunguka Mwalimu mguu chini ya goti, na ilipokaza kwa mara ya mwisho ilikata nyama kama uzi unavyokata sabuni.

Walipotaka kusimama, miguu haikupata chini. Walikuwa wamevutwa hadi kwenye mkondo, ule mfereji ambao maji yote ya pale hupitia yanapokupwa.

"Shika tiara! Usipigane na maji, yatakumaliza!"

Hawakupigana. Waliikumbatia tiara iliyojaa hewa, na ufuo ukarudi nyuma, banda likawa dogo kama kiberiti. Baada ya muda magoti ya Fundi yaligonga kitu kigumu. Fungu la mchanga, la mwisho kabla ya bahari kuu. Wakatambaa juu yake na kulala kifudifudi, mawimbi madogo yakiwapita mgongoni.

Mwalimu alipuliza filimbi iliyokuwa shingoni mwake mpaka midomo ikachubuka. Upepo uliibeba sauti kwenda baharini, kusiko na masikio.

"Lete mguu," Fundi akasema. Alirarua mkono wa fulana yake kwa meno, akafunga jeraha, akakaza. "Nakuumiza?"

"Kaza tu."

"Sasa twende. Si pale tu? Naliona banda."

Mwalimu hakubishana. Alivua kiatu chake cha mpira, akakitupa kwenye mfereji uliokuwa kati yao na nchi kavu. Kiatu kilienda mbio, kikazunguka mara moja, kikatoweka. Fundi alikitazama, kisha akakaa chini.

"Tusubiri nini?"

"Maji yasimame. Yakimaliza kupwa, kabla hayajaanza kujaa, hutulia kidogo. Hapo ndipo tutavuka."

"Na yakijaa tukiwa bado hapa?"

"Kabla jua halijazama, hapa tulipokaa patakuwa juu ya kichwa chako."

Maji yalizidi kushuka, mchanga ukaanza kuonekana. Jua lilikaa utosini, halisogei. Walijibanza kwenye kivuli cha tiara, chumvi imewakaukia usoni, ndimi zimekuwa nzito. Fundi alichota maji ya bahari kiganjani.

"Sukutua tu, uteme," Mwalimu akasema. "Ukimeza utatamani mengine." Macho yake yalijifumba katikati ya maneno. Fundi akamtikisa bega.

"Usilale."

"Nimechoka, wifi. Hata kule ufukweni niliona upepo umegeuka. Nilitaka tu somo liishe nikalale. Ningekuua kwa usingizi."

Fundi alichora mchanga kwa kidole. "Mimi sikuja kujifunza. Kaka alinipigia simu. Aliniambia, nenda kamtazame mke wangu, siku hizi hamalizi sahani, anaongea na mimi macho yamefumba. Nikaona nikikuuliza utanifukuza."

"Ningekufukuza."

"Ndiyo maana nikavaa huo mkanda wenu wa kubana mbavu."

Wakacheka, kicheko kikavu kilichouma midomo. Ndipo waliposikia sauti nyembamba: ssss. Tiara ilikuwa ikivuja hewa, na bila hiyo mwenye mguu mmoja mzima hangevuka. Fundi aliinama, akapitisha shavu juu ya mshono mpaka hewa ikamgusa. Alikunja kitambaa mara tatu pale pale, akakizungushia kamba, akakaza kwa mguu na meno. Sauti ikafa.

Mwalimu alikuwa ameachia kamba nyingine ielee mferejini, ncha moja mkononi. Kwa saa mbili ilinyooka kuelekea baharini kama iliyovutwa na mtu. Sasa ikalegea, ikajikunja.

"Sasa," akasema.

Waliingia. Maji yalipofika kifuani wakalalia tiara, wakaanza kupiga miguu. Fundi alihesabu kwa sauti. Alipofika sitini, mateke ya Mwalimu yalikoma, kichwa kikalala juu ya kitambaa.

"Wifi! Niambie, banda liko wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi? Nyoosha kidole!"

Kidole kikainuka, kikaanguka. Fundi akamfunga kwenye tiara kwa kamba iliyopita kwapani, akaendelea kupiga peke yake, mapaja yakiwaka moto. Alipotea katika hesabu, akaanza upya, akapotea tena. Halafu maji yaliyosimama yakaanza kusogea, na safari hii yalikuwa yakienda nyumbani. Polepole yaliwasukuma, mpaka tumbo la Fundi likakwaruza majani ya chini ya bahari.

Kilichobaki kilikuwa kutembea. Maji yalikuwa ya magotini, tope likinyonya nyayo, na Mwalimu, mtu aliyewatoa wengine majini miaka yote, aliegemea bega la wifi yake bila kusema anaweza mwenyewe.

Kwenye zahanati Mwalimu alishonwa nyuzi kumi na moja. Fundi alisimama karibu akiutazama mkono wa mganga, akaridhika na mshono.

Asubuhi iliyofuata wanafunzi wanne walifika bandani na taulo mabegani. Walimkuta Fundi amekaa mlangoni, midomo imepasuka, mguu ameunyoosha kuziba njia.

"Mwalimu yuko wapi?" wakauliza. "Upepo leo mzuri sana."

"Amelala," Fundi akajibu. "Na atakayemwamsha atapambana na mimi."