Kasha la Fundi Datta

"Toa mkono, kaka. Ubao huu nimeuona mimi kwanza."

"Kuona si kununua, dada."

Ulikuwa ubao wa mtiki wa kale, uliotoka kwenye nyumba kongwe iliyobomolewa, na bado ulinukia moshi wa jikoni la watu. Upande mmoja ameushika Ketaki, gauni la rangi ya nili juu ya suruali, kipini cha fedha puani, nywele amezibana kwa penseli. Upande wa pili Nachiket, na shati jeupe lililopigwa pasi likapigika. Mtu anayekuja Juna Bazaar, soko la vitu vya kale la Pune, Jumapili asubuhi na shati jeupe ama amepotea njia ama anatafuta mchumba.

"Mikono yako haina hata kovu," Ketaki alisema. "Ubao wa nini wewe?"

"Nataka kutengeneza kasha."

"Kwa mikono hiyo?"

"Hii hii. Mbona unaiangalia sana?"

Muuzaji alikuwa anatafuna karanga. Akawaambia waukate katikati wakapendane mbele ya safari, wanamzibia wateja. Wakaukata katikati, na kabla ya kutoka sokoni Nachiket alikuwa ameshapata namba ya simu.

Siku za kazi Ketaki alipima watu macho, ila Jumapili alikuwa mtu wa mbao. Yeye na wenzake kama ishirini, daktari wa meno, walimu wastaafu, mama wa nyumbani, walikuwa na kundi lao kwenye simu la kuonyeshana vitu walivyotengeneza kwa mikono yao: rafu, vigoda, fremu za madirisha. Kila mwezi, Jumapili ya kwanza, walikutana juu ya paa la jengo la Apte Kaku, ghorofa nne juu. Apte Kaku, shangazi wa kila mtu pale, alikuwa na sheria mbili. Saa saba mchana nyundo zinyamaze, jengo linalala. Na hakuna kusifiwa kabla hujaonyesha mwenyewe kosa la kazi yako.

Nachiket akajiunga. Mapenzi yakaja mbio, na simu zikawa haziishi.

"Umekula?" Ketaki aliuliza.

"Nimekula. Wewe unanuka gundi mpaka huku."

"Ndiyo manukato yangu. Kasha uliloniahidi limefika wapi, mpenzi?"

"Linakuja."

"Kwa miguu?"

"Acha dharau, mama. Likija utalipigia saluti." Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, "Hivi baba yako anafanya kazi gani?"

"Yuko kwenye mambo ya ujenzi."

"Mkandarasi?"

"Mm," alisema Ketaki, na uso ukamwaka moto ingawa hakuna aliyemwona. Baba yake alikuwa seremala. Alikuwa akipiga makabati ya jikoni kwenye nyumba za watu, na mfuko wa vifaa begani tangu Ketaki hajazaliwa. Alikuwa amemkataza binti yake asiguse randa. "Sikukusomesha ili ushike hiyo," alikuwa akisema, basi hapo yamekwisha. Ketaki akajifunza kwa kuchungulia, na vifaa vyake akavificha kwa Apte Kaku. Nyumbani alimficha baba randa, na juu ya paa aliwaficha wenzake baba.

Nachiket naye alikuwa na lake. Alinunua patasi za bei mbaya, akaharibu ubao mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila alipounganisha pembe za kasha, palibaki mwanya wa kupitisha kidole. Kilichobaki kilitosha kasha moja dogo. Kwenye nyumba ya ghorofa ya juu yake kulikuwa na fundi mzee anapiga makabati, kila mtu akimwita fundi Datta. Nachiket akampandia.

"Fundi, naomba unitengenezee kitu. Siri lakini."

"Cha nani, bwana?"

"Cha msichana."

Fundi Datta akaugeuza ubao, akaupigapiga kwa kidole, akacheka kidogo. "Basi hicho hakitakuwa cha haraka."

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata kasha likawekwa juu ya meza ya Apte Kaku, na watu wakasogea, wakalifungua. Pembe zake zilikuwa zimeshikana meno kwa meno, hata wembe haupiti.

"Haya kijana, kosa lake?" Apte Kaku aliuliza.

Nachiket alilitazama. Asiyetengeneza kitu hajui kilipomshinda. "Kwa kweli," alisema, "silioni."

Watu wakatazamana. Kwenye kundi lile hakuna aliyewahi kutoa jibu hilo, hata daktari wa meno ambaye anajipenda sana. Ketaki alikuwa ameshalipindua kasha kuangalia chini. Kitako hakikupigwa msumari, kilishikwa na vijiti vya mwanzi, viwili viwili, kimoja kimelala kidogo kushoto. Alikuwa ameviona vijiti hivyo utoto wake wote. Baba yake alivichonga akiwa amekaa kizingitini, akavipanga juu ya goti.

"Hivi vijiti," alisema polepole, "ulijifunza wapi?"

"Kwenye video."

"Ndiyo tofauti ya mtu aliyesoma," alidakia Bwana Joglekar, mwalimu mstaafu. "Ungempa fundi wa mtaani angekugongea misumari sita na kukuachia vumbi."

Watu wakacheka. Ketaki naye akacheka. Alisikia kicheko chake mwenyewe kikitoka kinywani, na akatamani paa lile lipasuke limmeze.

Siku nane hakupokea simu. Ya tisa akapokea.

"Ketaki, nimekukosea nini?"

"Lile kasha ulitengeneza wewe?"

"Ndiyo."

Ketaki akakata simu. Jioni hiyo baba yake alikuwa anakunywa chai kwenye kisahani, amechangamka.

"Juzijuzi nimefanya kazi nzuri sana," alisema. "Kijana mmoja alitaka kasha la kumpa msichana wake. Nikasema huyo ni binti wa mtu, nisimfanyie ovyo. Nililala saa chache mwanangu, lakini mtu akilifungua atajua anapendwa."

Ketaki alikwenda jikoni akafungua bomba ili asisikike akilia. Kumtaja Nachiket kwamba ni mwongo, lazima aseme amejuaje. Na kusema amejuaje ni kumtaja mtu aliyekaa pale na kisahani chake, ambaye yeye mwanawe alikuwa amemcheka mbele ya wageni.

Nachiket naye hakupata raha. Kila alipofumba macho aliona watu wakilipapasa kasha na kumpongeza. Asubuhi moja akapanda ghorofani tena.

"Fundi, jina lako kamili nani?"

Mzee akaweka randa chini haraka. "Kwani kuna kitu kimeharibika, bwana?"

Nachiket alishindwa kumtazama. "Hakuna. Nataka kulijua tu."

"Dattatray Shinde."

Kina Shinde wako tele Pune, na Nachiket hakuliunganisha jina hilo na la Ketaki. Alikaa ngazini pale pale akaandika kwenye kundi: *Kasha lile si langu. Lilitengenezwa na fundi Dattatray Shinde. Niliwadanganya, na nilimdanganya Ketaki mara mbili. Naona aibu.*

Watu ishirini wakausoma. Kisha kwenye kioo ikaonekana Ketaki anaandika, akaacha, akaandika tena, akaacha. Baada ya dakika kumi ukaja ujumbe mmoja: *Huyo ni baba yangu. Siku ile nilijua, na nilicheka.*

Simu ya Nachiket ikaita.

"Usiseme kitu," alisema Ketaki. "Kwanza nimalize. Nilikuambia ni mkandarasi."

"Hukusema. Ulisema mm."

"Usinitetee."

"Sawa. Na mimi nilimtumia baba yako kukuongopea."

"Tunafanana, basi. Hilo ndilo linalonitia hofu."

"Ketaki, nataka kukuoa. Najua sina uso wa kusema hivyo leo."

"Huna," alisema. "Njoo Jumapili kwa Kaku. Baba atakuja. Uso wako mpe yeye kwanza."

Usiku huo Ketaki alimweleza baba yake yote: vifaa alivyoficha, paa, mm, kicheko. Fundi Datta alisikiliza bila kuinua kichwa. Mwisho akauliza kitu kimoja tu.

"Walipocheka, kasha walikuwa wamelifungua?"

"Walikuwa wamelifungua, baba."

"Haya," alisema, akaenda kulala. Kwa siku tatu hakuzungumza, na Ketaki aliona hiyo ni haki yake.

Jumapili fundi Datta alivaa shati safi na kofia nyeupe. Chini ya jengo la Apte Kaku, Nachiket alikuwa anawasubiri. Aliinama akamgusa miguu mzee kwa heshima, na mzee akarudi nyuma hatua moja.

"Bwana, ina vumbi hiyo."

"Nisamehe, baba."

Mzee alimpa mfuko wa vifaa aubebe. Lifti ikafunguka na Ketaki akaingia, kama alivyozoea kila mwezi. Alipogeuka, baba yake alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

"Baba, lifti hii hapa."

"Sisi mafundi hawaturuhusu."

"Leo wataruhusu."

"Miguu imeshazoea, mwanangu. Nendeni, tutakutana juu."

Ketaki alisimama ndani ya lifti, na aibu ikamshika kuliko siku zote zile. Miezi yote alikuwa amepanda kwa kubonyeza kitufe. Akatoka, akamshika baba yake mkono, wakaanza kupanda, Nachiket nyuma yao na mfuko unamlemea begani. Ghorofa ya kwanza wakaipita. Ya pili mzee alipumzika. Ya tatu akasema, bila kugeuka nyuma:

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, baba."

"Anajua kukata ubao?"

"Hajui."

"Nilihisi hivyo." Akapanda ngazi mbili zaidi, akasimama tena, na sasa alimtazama binti yake machoni. "Nitamfundisha. Lakini nitaanza na wewe."